Chungu kimoja au viwili? Jibu kwa mama wa Wete

SWALI: Asalaam alaykum, daktari. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Wete. Mume wangu ana miaka 47. Mwezi uliopita amegunduliwa sukari na presha kwa pamoja, akaambiwa apunguze uzito. Mamamkwe, ambaye tunaishi naye, alipata kiharusi mwaka juzi na mkono wake wa kushoto haujarudi sawa. Sasa naogopa na mwanangu wa tatu. Ana miaka 10, kilo 46, urefu sentimita 138, na wenzake skuli wanamwita Bonge. Bibi yake anasema hiyo ni afya. Tangu mume wangu agunduliwe napika vyungu viwili: chake hakina mafuta, chumvi wala nazi, na chetu sisi wengine kama kawaida. Nimechoka, na yeye akishamaliza chake anakuja kuchovya kwetu. Watu wanamwambia ale mkate wa ngano nzima, oti na matufaha, lakini bei zake hatuziwezi. Nifanyeje ili watoto wasije wakaishia hukohuko? Mimi mwenyewe sijapima chochote. Nina miaka 38, kilo 84, urefu sentimita 158.

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu, na pole kwa mitihani. Umeniita daktari, mimi ni mtu wa lishe. Dawa za mumeo zina mwenyewe aliyeziandika, na nitakurudisha kwake kila inapolazimu. Kwenye chungu ndiko tutakakoelewana.

Kuanzia leo pika kimoja. Chakula kinachomfaa mwenye sukari na presha ndicho kinachokufaa wewe, bibi na watoto. Ulichofanya, kwa nia njema, ni kumtenga mgonjwa na chakula ambacho hata mimi nisingekimaliza, ukawaachia waliobaki kilekile kilichomfikisha yeye alipo. Kuchovya kwake ningekutabiri bila kupiga ramli. Sasa chungu chake kirudishiwe ladha kidogo, chenu kipunguzwe, vikutane pahala ambapo watu saba wanaweza kula kwa miaka bila manung'uniko. Chakula cha adhabu hakifiki mwezi.

Hofu yako juu ya watoto ina msingi. Sukari ya ukubwani, inayoitwa aina ya pili, hufuata ukoo: mwenye mzazi mgonjwa ana hatari kubwa kuliko asiye naye. Sehemu ya hatari hiyo imo katika damu na hatuwezi kuifanya lolote. Sehemu nyingine mtoto hairithi kwenye damu, anairithi jikoni: kiwango cha utamu na chumvi ambacho ulimi wake umezoea, idadi ya saa anazokaa kitako, saa anayolala. Hiyo sehemu ya pili ni yenu, na bado mna wakati nayo.

Umenieleza sana unavyopika, lakini hukuniambia nani anakwenda sokoni. Nyumba nyingi za Unguja na Pemba mwenye kutia vitu kapuni ni mwanamume. Yeye ndiye anayeamua kama leo ni nguru au ng'onda (samaki mkavu wa chumvi), kama dumu la mafuta ni la lita tatu au tano, kama jioni atapitia dukani akachukua soda ya chupa kubwa kwa sababu watoto wamefurahi kumuona. Mama anapika kilicholetwa. Kisha wakija kliniki, nasaha zote za mapishi anapewa mama, na baba anatingisha kichwa kama shahidi. Kwa hiyo nakuomba jibu hili asome mumeo pia, hasa vifungu viwili vinavyofuata, maana vinahusu mambo yanayokatwa dukani kabla moto haujawashwa.

Cha kwanza ni sukari, na kipimo chake nitakupa kwa kilo. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000 hiyo asilimia 5 ni gramu 25, vijiko sita vya chai. Nyumba yenu ina watu saba. Hata tukiwahesabu watoto kama watu wazima, gramu 25 kwa kila mmoja ni gramu 175 kwa siku, yaani kilo tano na robo kwa mwezi. Hapo ndipo pa kulenga, na ndani yake mnatakiwa muwemo na soda, na juisi za paketi, na maandazi ya kununua, na malai wanayonunua skuli. Andikeni tarehe kwenye kila mfuko wa sukari unaoingia nyumbani. Usimsimange mtu, usimfiche mtu kijaluba, andika tarehe tu kwa mwezi mmoja. Nyumba nyingi zikifanya hivyo zinashtuka zenyewe, na mimi sihitaji kusema tena.

Sehemu kubwa ya sukari hiyo imo katika chupa ya chai. Chai yetu inapikwa na sukari yake humohumo, inamiminwa kwenye chupa, na kuanzia asubuhi hadi usiku kila anayepita anajimiminia kikombe ambacho utamu wake ameamua mtu mwingine. Pika chai kavu, na iliki, tangawizi na mdalasini kwa wingi unaoutaka, kisha bakuli la sukari likae pembeni na kijiko kidogo. Anayetaka atie mwenyewe. Anzeni pale mlipo, mpunguze robo kijiko kila baada ya wiki moja au mbili. Ulimi unazoea, haraka kuliko watu wanavyodhani. Mtu aliyekwisha kuzoea kijiko kimoja akipewa chai ya harusini huisukuma pembeni. Mumeo anaweza kuiacha kabisa. Na tafadhali msihamie kwenye asali wala sukari guru mkidhani mmekwepa: katika damu ya mwenye sukari vyote vinapanda njia moja. Asali ina heshima yake na sitaki kugombana na mtu, lakini kijiko cha asali kwenye chai bado ni kijiko cha sukari kwenye chai. Tende nazo, moja mbili za kufungulia, si sahani.

Soda sina maneno mengi. Chupa ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, kama vijiko tisa vya chai. Mwanao akinywa moja amekwisha kupita kiwango chake cha siku kabla hajala kitu. Isikae ndani ya nyumba. Mgeni akija, dafu au maji baridi yenye ndimu ni heshima ya kutosha, na kama kuna mgeni atakayesema amenyimwa soda, basi aseme. Kahawa ya barazani haina ubaya wowote, ni chungu na haina sukari. Ubaya ni kashata inayoifuata, na Wete kwenu, nisamehe, ni halua. Ile iwe ya Sikukuu na ya kugawana, kipande cha kuonja, si kibao cha kukaa kwenye kabati.

Cha pili ni chumvi, na hapa nawafikiria zaidi mamamkwe na mumeo. Presha iliyoachwa juu ndiyo mama wa viharusi vingi. Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu tano kwa siku, kama kijiko cha chai kimoja kisichojaa kilima, na ndani yake muna chumvi ya boflo, ya ng'onda na ya vidonge vya supu. Watu saba ni gramu 35, kilo moja na kidogo kwa mwezi. Kwa vile watoto wanahitaji pungufu, na nyingine mnaila dukani bila kujua, paketi ya nusu kilo ikikaa wiki tatu mko pazuri. Ikimalizika wiki ya kwanza kuna tatizo. Vidonge vya supu na paketi za unga wa mchuzi viacheni kabisa. Kwa mtu wa kisiwa cha viungo kununua ladha ya kiwandani ni jambo ambalo sijapata kulielewa. Papa na ng'onda si haramu, lakini rowesha usiku, mwaga maji, suuza, chemsha mara moja ukamwage tena ndipo upike, na usitie chumvi nyingine. Iwe mara moja kwa wiki.

Sasa namna ya kupunguza chumvi bila chakula kuwa maji matupu: tia ukali. Ndimu, ukwaju, embe mbichi, mbirimbi mbichi. Ulimi ukipata ukali na pilipili na thomu ya kutosha hauulizii chumvi sana. (Achari ya mbirimbi haimo katika hesabu hii, ile imejaa chumvi.) Tia chumvi mwisho wa mapishi, si mwanzo, kwani chumvi iliyo juu inasikika zaidi kuliko iliyozama. Na kisahani cha chumvi kiondoke mezani.

Tuje kwenye nazi, maana najua ndiyo swali lililobaki kooni. Watu wananiambia: babu zetu walikula nazi kila siku na hawakuwa na sukari wala presha. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Walikula nazi na muhogo, na samaki wa chukuchuku (wa kuchemshwa tu, bila nazi), na mchicha waliouchuma wenyewe. Wakenda shamba kwa miguu, wakapanda mikarafuu, wakatwanga. Sukari ilikuwa kitu cha wageni, na mafuta ya dumu hayakuwapo. Nusu ya pili ni kwamba hawakuwa wakipimwa. Wangapi walianguka ghafla ikasemwa ni shetani, hatutajua. Mafuta ya nazi zaidi ya asilimia 80 ni yale mafuta mazito yanayopandisha lehemu mbaya katika damu, na mwenye sukari tayari moyo na mishipa yake viko hatarini. Lakini sisemi muiache. Nasema isiwe kila siku wala kila chungu. Siku ya wali wa nazi, mchuzi uwe wa tungule au wa chukuchuku. Siku ya mchuzi wa nazi, wali uwe mweupe. Kasimele, lile tui zito la kwanza, weka kando, pikia tui la pili, kisha tia vijiko viwili vya kasimele mwishoni kwa harufu. Nazi moja iliyokuwa ikiliwa kwa chungu kimoja ifike siku mbili. Na siku tatu nne za wiki pasikunwe kitu.

Kwa kweli mafuta ya dumu yananisumbua kuliko nazi. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori karibu 120, na kuzimaliza mtu anatakiwa atembee kwa haraka kama nusu saa. Sasa fikiria asubuhi ya kawaida mjini: maandazi, au vitumbua, au chapati, saa nne chipsi au bajia, jioni urojo na kachori zake na bajia zake, usiku mkate wa kukaanga tena. Mtu hajaona mafuta kwa macho siku nzima na amekula kikombe. Chai ya asubuhi muipe vitu vya kuchemsha au kuoka: muhogo, viazi vitamu, majimbi, mahindi, mkate wa mofa, mayai ya kuchemsha, maharage ya jana. Vya kukaanga viwe Ijumaa. Watoto watanung'unika wiki mbili. Siku hiyo ya Ijumaa watakula kwa furaha ambayo hawakuwa nayo walipokuwa wakila kila siku.

Kuhusu bei: oti, mkate wa ngano nzima na matufaha hamuvihitaji hata kidogo. Hivyo ni vyakula vya sokoni kwa wengine, vimekuja huku na ushauri ulioandikwa kwa ajili ya wengine. Nyuzi zinazotakiwa zimo katika kunde, choroko, mbaazi, mchicha, kisamvu, mtoriro, mronge. Wali ukiupika mseto, sehemu mbili mchele na moja choroko, unapandisha sukari polepole kuliko wali mtupu, unashibisha zaidi, na mchele unadumu. Borohoa (mchuzi mzito wa choroko) yenye ndimu ni kitoweo kamili siku ambayo samaki amepanda bei. Vibua na dagaa ni bora kwa moyo kuliko nyama ya ng'ombe, na rahisi mfukoni. Matunda yawe ya msimu wake, na yaliwe, yasikamuliwe: chungwa na nyuzi zake, si bilauri ya machungwa manne iliyoongezwa sukari. Mumeo naye ale, tunda moja kwa wakati, asiambiwe kuwa matunda yana sukari na yeye asiguse. Onyo moja tu: muhogo, shelisheli, majimbi na ndizi mbichi ni wanga kama wali. Havisifiki kwa kuwa ni vya shamba mtu akajaza sahani. Navyo vina kipimo.

Na kipimo kinanileta kwenye sinia. Ningependa kukaa hapa kidogo, kwa sababu vitabu vya lishe vinachora sahani ya mtu mmoja, nusu mboga, robo kitoweo, robo wanga, na sisi tunakula wengi kwa pamoja. Kula pamoja ni jambo jema na sitaki ulivunje. Lakini sinia lina tabia yake: anayekula haraka ndiye anayekula kingi, na hakuna anayejua nani kala nini. Angalia leo watoto wakikaa. Naweza kukisia kwamba huyo wako wa tatu anamaliza upande wake na kuingia wa dada yake, na dada mtu ni mwembamba, mzito wa kula, na anaondoka hajashiba. Nyumba moja, sinia moja, mmoja amenenepa na mwingine pengine hana damu ya kutosha. Hilo nimeliona mara nyingi kiasi kwamba mama akija na mtoto mnene huwa namuuliza habari za nduguye.

Kuna mambo mawili ya kufanya. Sinia la watu wazima lipange upya: mboga zichukue nusu yake, zitandazwe kweli, si kijibakuli katikati, wali uwe tabaka jembamba, si mlima, kitoweo kigawanywe mbele ya kila mtu. Watoto kwa miezi michache wapakulie sahani zao, kila mmoja kwa umri wake, wakae mkekani pamoja nanyi. Wanga wa kila mtoto uwe kama ngumi yake mwenyewe, mtu mzima ngumi moja mpaka moja na nusu. Anayetaka kuongeza aongeze mboga kwanza, kisha asubiri kidogo, maana tumbo huchukua kama dakika 20 kupeleka habari kuwa limeshiba. Simu na televisheni zizimwe wakati wa kula, na hili linamhusu baba kabla ya watoto.

Sasa huyo kijana. Kilo 46 kwa sentimita 138, ukigawa uzito kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ni 24. Kwa mvulana wa miaka 10, chati za Shirika la Afya Duniani zinaweka mstari wa unene wa kupindukia karibu na 21.4. Kwa hiyo bibi amekosea, nawe umeona sawa. Lakini usimweke kwenye mfungo wa kupunguza uzito. Mtoto anakua; lengo letu ni uzito usimame hapo ulipo, au upande kidogo sana, wakati urefu unaendelea kupanda, na kwa mwaka mmoja au miwili nambari inashuka yenyewe. Asinyimwe chakula na wenzake wanakula, asipimwe kila Jumamosi mbele ya watu. Jina la Bonge lisiitwe ndani ya nyumba hata kwa utani. Ukiweza zungumza na mwalimu wake. Mtoto anayechekwa kwa mwili wake hula kwa siri, na haendi uwanjani ili asionekane akikimbia, basi tatizo linaongezeka pande zote mbili.

Mtazame shingo kwa nyuma na makwapani. Ukiona ngozi imekuwa nyeusi na nene, na haitoki kwa kusugua, si uchafu; ni dalili kwamba mwili unahangaika na sukari, apelekwe kupimwa. Kukoroma sana usiku pia kataje. Na hii sikiliza vizuri, kwa mtoto yeyote, mnene au mwembamba: akianza kuwa na kiu isiyokwisha, kukojoa kila saa au kurudia kukojoa kitandani, na kukonda, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Hiyo inaweza kuwa sukari ya aina nyingine, inayohitaji sindano za insulini, na ikicheleweshwa inaua kwa siku chache.

Tatizo lake jingine nadhani ni ratiba. Skuli asubuhi, chuoni kwa Kurani mchana, tuisheni jioni, kisha simu. Siku yote amekaa. Watoto wa umri wake wanahitaji dakika 60 za kutoka jasho kila siku, na si lazima ziwe pamoja. Kama skuli si mbali sana na njia ni salama, asipelekwe na pikipiki, aende kwa miguu na wenzake. Baina ya Alasiri na Magharibi pafunguliwe, hata kama ni kwa kupunguza siku mbili za tuisheni: mpira, nage, kuogelea, baiskeli, chochote anachokipenda. Alale mapema pia, saa tisa hadi 12 za usingizi kwa umri huo, simu ikiwa chumbani kwenu. Mtoto asiyelala vizuri huamka na njaa ya vitu vitamu. Ile hela ya matumizi ya skuli ipunguze, umfungie muhogo wa kuchemsha au chungwa au karanga kidogo, ili zile meza za chipsi na malai zilizo nje ya geti zimkute ameshiba.

Bibi yake usishindane naye. Mzee aliyelea watu kwenye njaa anaona unene ni neema, naye ana sababu. Ukimletea maneno ya daktari atakujibu kwa maneno ya uzoefu, na jikoni uzoefu hushinda. Badala yake mfanye fundi. Mwambie akufundishe borohoa ya zamani, mchuzi wa chukuchuku, mtoriro wa namna alivyopika kabla ya mafuta ya dumu kuingia. Chakula ninachokutaka mle ni chake yeye. Akikionja mjukuu kutoka mkono wa bibi atakila, na wewe utakuwa umepata msaidizi pahala pa mpinzani.

Watu wazima watembee. Kinachoshauriwa ni dakika 150 kwa wiki, nusu saa mara tano, mwendo ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Mumeo baada ya kula usiku azunguke mtaa dakika 10 au 15 kabla ya kukaa barazani. Misuli inayotembea inachukua sukari ya chakula hichohicho. Wewe tafuta jirani, mtoke baada ya Alfajiri au jioni, buibui halizuii miguu. Vikundi vya mazoezi vipo siku hizi, na Zanzibar ina hata Siku ya Mazoezi kila tarehe 1 Januari. Kwenda siku hiyo ni jambo zuri, ila zinabaki siku 364. Mamamkwe naye anyanyuke, atembee uani kwa msaada, auchezeshe mkono kama alivyoelekezwa.

Dawa za mumeo zisiachwe kwa sababu vipimo vimekuwa vizuri. Vimekuwa vizuri kwa sababu anazitumia. Habasoda haichukui nafasi yake. Mkishapunguza wanga na sukari nyumbani, arudi kwa daktari wake amwambie, hasa kama anatumia insulini au vidonge vya kundi la glibenklamaidi, kwani kula kidogo kwa dozi ileile kunaweza kushusha sukari kupita kiasi: kutetemeka, jasho baridi, kuchanganyikiwa. Na suala la kufunga Ramadhani aliulize mwezi mmoja au miwili kabla, si usiku wa kuamkia mwezi. Mkiona mtu yeyote wa nyumba hiyo mdomo umepinda, mkono mmoja umelegea, au maneno hayatoki sawa, ni hospitali kwanza, saa hiyohiyo, hata ikipita yenyewe.

Umejiweka wa mwisho katika barua yako, mstari mmoja. Uzito wako kwa urefu wako ni karibu 34, na kuanzia 30 ndiyo tunaita unene wa kupindukia. Pima kiuno kwa utepe wa fundi cherahani. Kwa urefu wako kisizidi sentimita 79. Mwaka 2002 yalichapishwa Marekani matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 3,200 ambao sukari yao ilikuwa juu lakini haijafika ugonjwa. Waliolenga kupunguza asilimia saba ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata sukari kwa asilimia 58; waliopewa vidonge vya metformini, kwa asilimia 31. Asilimia saba yako wewe ni kilo sita. Hazihitaji chakula chochote ambacho sijakitaja hapo juu, na chungu ni kilekile.

Nenda hospitali ya Wete wiki hii, asubuhi, hujala kitu tangu usiku, upime sukari na presha. Presha ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, itarudiwa siku nyingine kabla ya kukupa jina la ugonjwa. Sukari ya kufunga ikiwa 7.0 (kwa kipimo cha milimoli kwa lita) au zaidi nayo hurudiwa. Ikiwa juu ya sita kidogo, wewe ndiye wale watu 3,200. Na kama katika mimba yoyote kati ya hizo nne uliwahi kuambiwa sukari imepanda, au ulizaa mtoto wa kilo nne na zaidi, mwambie anayekupima kabla hajakuuliza.